Sugu ya Mdomoni

Doa jeupe limeota ndani ya mdomo wa chini wa Bi Zaïtoun. Daktari wa Mahajanga anataka kulikata, na yeye hataki. Aliyatangaza hayo kwa benchi zima kwenye kivuko cha kutoka Katsepy, ng’ambo ya ghuba, kwa Kimalagasi, na hasira zilipompanda, kwa Kingazija.

“Haliumi,” alisema. “Ni sugu tu, kama hii ya kiganjani. Natwanga tumbaku na majivu na kubana ugoro tangu nilipoolewa. Sugu hunilinda. Nani hukata sugu yake?”

Bwana Maoulida, aliyekaa mbele yake, taya limebonyea upande mmoja, alijibu bila kuulizwa. “Hata mimi nilisema hivyo, dada. Seli za mdomoni hufa na kuzaliwa upya upesi, ndiyo maana ukijiuma unapona haraka. Ukiziunguza kila siku kwa ugoro, kwanza hujikinga kwa kuwa ngumu. Halafu huacha kutii, zikazaana ovyo hadi zikala mfupa.”

“Zako ndizo hazitii, bwana. Zangu nimezilea vizuri.”

Watu walicheka. Nami, niliyekaa ubavuni mwake, nilicheka, ingawa doa nilikuwa nimeliona.

Bi Zaïtoun akafungua kikopo, akabana ugoro ndani ya mdomo wa chini huku akimkazia macho Maoulida. “Wakitaka kukata, wangoje nife.”

Kivuko kikagusa gati. Maoulida akamfuata hadi nchi kavu, akimhesabia kwa vidole gharama ya kungoja kwake yeye mwenyewe: meno manne, kipande cha taya, na adhana, maana sasa mwingine ndiye anayeadhini mahali pake msikitini kwao.