Moyo wa Sadalla Wapimwa Mtaa wa Sikukuu

Tangu iwe ruksa kuingiza bidhaa, kila kitu kimefika Kariakoo isipokuwa maelezo ya kukitumia. Asubuhi hiyo benchi la Mtaa wa Sikukuu, pale muuza kahawa anapotua dele lake, lilimzunguka Sadalla muuza vitenge na saa yake ya kutoka Dubai: unaweka kidole kwenye kijicho chake, inakusomea mapigo ya moyo. Hakuinunua kwa mbwembwe. Kaka yake wa Magomeni alikuwa ameinama kufunga kamba za viatu, hakuinuka tena, na tangu matanga yaanuliwe Sadalla hakai akatulia. Alitaka saa imwambie kama na yeye yumo njiani.

— Mia na arobaini. Jana hamsini. Hapa katikati, tisini. Mimi ni mtu mmoja au ukoo?

— Kahawa hiyo, alisema Augustino, ambaye kijiweni huitwa Daktari kwa kuwa aliwahi kupiga deki wodini. Upime kabla ya kunywa.

— Kabla ya kunywa ilikuwa mia na sitini, Daktari.

— Basi ongeza kikombe. Dawa ya moto ni moto.

Sadalla akaongeza. Arvind wa duka la redio, jina la kijiweni Stima, akatikisa kichwa.

— Mnamwua mtu bure. Mwili una umeme, ndugu yangu. Vua viatu, umeme upate pa kushukia.

Sadalla akazitazama kamba za viatu vyake. Akavichomoa miguuni bila kuzigusa. Mia na sabini.

— Nipe mimi niliyetulia, alisema Bi Moza wa kashata, akaweka kidole.

— Thelathini na moja, Stima akasoma. Kwa hesabu hii, Bi Moza, tukuzike adhuhuri.

— Nizikeni kashata zikiisha.

— Sasa nimeelewa, alisema Daktari. Binadamu ana mioyo miwili, wa mchana na wa usiku. Saa haijui ishike upi. Mafahali wawili hawakai zizi moja.

— Kwa hiyo kaka yangu ulisimama upi?

Daktari akanywa kahawa yake polepole sana.

Hapo akafika dada mmoja na kikapu, kaelekezwa kwa muuza vitenge.

— Shikamooni. Naitwa Euphrasia, natafuta vitenge vya harusi. Samahani, baba, hiyo nailoni kwenye jicho la saa mbona hujaibandua?

Wote wakainama. Ilikuwepo, kama ilivyo kwenye redio za Stima na makochi ya Daktari. Kariakoo kitu kipya hakivuliwi nailoni.

— Ikitoka, si mpya tena, alisema Stima. Dukani hawaipokei.

— Kwani anairudisha?

— Bandua, mwanangu, alisema Bi Moza, safari hii taratibu.

Sadalla akapenyeza ukucha. Pembe ikainuka. Mpaka hapo kila namba ilikuwa na wa kulaumiwa: kahawa, umeme, Dubai. Itakayotoka sasa itakuwa yake.

— Vitenge vya rangi gani ulitaka, mwanangu? akamwuliza Euphrasia.

Akaigandamiza nailoni irudi mahali pake, kwa dole gumba. Saa ikadhani inaulizwa, ikaleta namba. Hakuna aliyeinama kuisoma.