Nguo Zetu Zilikatazwa Jua

Mama zangu, na nyinyi akina baba mliokaa huko nyuma, nimeombwa niseme, na nimesimama. Mkiniona naangalia chini, mnisamehe. Jambo hili bado linanitia haya.

Hapa Mbeya mnanijua kama mwalimu. Ualimu huo nusura niukose. Niliusomea huko Iringa, chuo sitakitaja. Wavulana walikuwa wengi. Sisi wasichana tulienea chumba kimoja. Wao walianika nguo popote, kwenye ua, kwenye majani, mpaka za ndani. Sisi tulikatazwa kuanika chochote nje. Mkuu wa chuo alisema nguo za kike zinawavuruga wanafunzi. Ndugu zangu, kumbe sisi tulikuwa nani pale?

Basi tulianika chini ya magodoro. Baridi ya kule mnaijua, ukungu unakaa mpaka saa nne. Nguo hazikauki, zinanuka tu. Na mwanamke ana vitambaa vyake vya kila mwezi. Akina baba, nivumilieni. Hivyo navyo tulivivaa vibichi. Nikapata vidonda. Nikawa natembea kwa shida, na sikumwambia mtu.

Siku moja nikaitwa ubaoni. Nilikuwa na kitambaa kimoja chembamba, maana vingine vyote vilikuwa vimelowa. Nikageuka kuandika. Nikasikia mtu mmoja anacheka, kisha darasa zima. Nikashika gauni langu nyuma, mkono ukarudi na damu.

Mkuu akaja, akasema mbele ya wote, "Mnaona uchafu wao? Kesho asubuhi utaomba radhi mbele ya chuo kizima."

Sikungoja kesho. Nilijifunga kanga, nikapanda lori la mbao, nikashuka kwetu Nyololo. Utingo alinisemesha njia nzima, nikageuzia uso kwenye mbao.

Nyumbani nilimwambia mama nimeshindwa masomo. Niliona heri aniite mjinga kuliko kujua. Mama alikuwa anatazama ninavyokaa upande upande. Akachemsha maji, akatia chumvi, akafunga mlango.

"Vua."

Alipoona, alikaa chini. "Nani kakufanya hivi?"

"Hakuna mtu, mama. Ni nguo mbichi."

Nikamweleza yote. Nililia kuliko siku ile niliyochekwa.

Nilipopata nafuu akasema, "Tunarudi." Nilimsihi. Nilimwambia afadhali nibaki nilime pareto. Akasema, "Pareto utalima. Kwanza twende tukamwulize mkuu wenu."

Kiswahili cha mama kilikuwa cha kuungaunga. Kule ofisini alipewa kiti, akakataa. "Mwalimu, mwanangu ataanika wapi?"

Mkuu akaanza habari za nidhamu. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Haya. Ataanika wapi?"

Mkuu akanigeukia mimi. "Umekuja kuomba radhi?"

Ndugu zangu, sitawaficha. Nilikuwa na "ndiyo" mdomoni kabisa. Lakini mama alikuwa amesimama pale na vumbi la njia miguuni. Nikasema, "Siombi radhi, mwalimu. Ugonjwa nimeupata hapa. Wenzangu nao wanaumwa, wanaona haya kusema."

Akawaita, nadhani ili waniumbue. Walisimama mlangoni wakiangalia sakafu. Nikajua nimekwisha. Kisha dada mmoja, ambaye hata hatukuwa tukielewana, akasema, "Ni kweli, mwalimu." Na mwingine akasema, "Mimi pia."

Mkuu hakuniomba radhi. Alisema tu tuanike nyuma ya jiko, upande wa jua, na tukazungushiwa uzio wa matete. Wavulana walinipa jina baya, likanifuata mpaka namaliza. Nikilisikia mahali, nageuza njia hata leo.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama yangu. Nawashukuru dada zangu wa mlangoni, maana bila wao ningerudi Nyololo na lori lilelile.

Nanyi mnaopeleka mabinti shule za bweni, msiishie ofisini kwa mkuu. Zungukeni nyuma. Ulizeni wanafua wapi, wanaanika wapi. Binti akiona haya kukujibu, usiondoke. Kaa naye mpaka ajibu.