Profesa Alban Threlkeld na Barua ya Mgodi wa Skelgarth

Marehemu Profesa Alban Threlkeld alizaliwa tarehe 3 Machi 1941 hapa Skelgarth, mtoto wa pili wa mchimba makaa ya mawe. Kaka yake, Ned, alifukiwa mgodini tarehe 9 Novemba 1963 pamoja na wenzake kumi na watatu. Hakutolewa. Yuko bado, chini ya kanisa hili.

Marehemu alisoma shule ya kijiji, kisha chuo kikuu huko kusini, walikomcheka lafudhi mpaka wakachoka wenyewe. Alifundisha historia Leeds miaka thelathini na minne, akaandika maisha ya wanasiasa watano. Mimi, bintiye Judith, ndiye niliyepanga faharasa za majina mwishoni mwa vitabu vyake. "Zipange vizuri, mwanangu," aliniambia. "Hawa wakubwa husoma kitabu kuanzia nyuma, wakitafuta majina yao."

Alimwoa Hester Pym tarehe 15 Juni 1968. Fungate lao lilikuwa wiki moja Whitby, na siku tatu kati ya hizo alishinda kwenye nyaraka za bandari. Mama hajamsamehe hadi leo.

Mwaka 2002 Mheshimiwa Wexcombe, waziri wa migodi wa zamani, alimwomba aandike maisha yake, akamkabidhi funguo za kabati lake la nyaraka. Alisahau kilichokuwamo. Baba alikuta barua ya mkaguzi, ya Oktoba 1963: mgodi wa Skelgarth utaporomoka, watoeni watu. Pembeni waziri aliandika kwa mkono wake: "Ingoje uchaguzi mdogo upite."

Moyo ulianza kumsumbua Baba Februari 2010. Aliandika kitandani, nami nikishika karatasi. Mheshimiwa akasikia kwamba barua ile imo kitabuni, akapiga simu.

"Kikulacho ki nguoni mwako! Miaka minane umekula mezani kwangu, Alban!"

"Nimekula, na nashukuru," Baba alijibu. "Ned hakukaribishwa."

Alifariki nyumbani tarehe 11 Januari 2011, saa kumi na mbili asubuhi. Keshoye wakaja wanasheria wawili wa Mheshimiwa kuulizia sanduku la karatasi, hata chai ya msiba haijachemka. Jamani! Niliogopa, sifichi. Niliwaambia sijui.

Ameacha mjane, binti mmoja, wajukuu wawili, na barua moja. Mheshimiwa Wexcombe, uliyeketi safu ya tatu: sanduku liko kwa mchapishaji tangu Krismasi. Safari hii usianzie nyuma. Majina ya wale kumi na wanne yako ukurasa wa kwanza, na lako linafuata.

Baba, pumzika na kaka yako kwa amani. Kitabu kinatoka Ijumaa.