Kufuli Mbili za Choo cha Soko la Mabanzi

Risala ya Kikundi cha Akina Mama wa Soko la Mabanzi kwa Mgeni Rasmi, Bibi Hosiana, mkunga mstaafu. Inasomwa na Katibu wa Kikundi, Paskalia Maige.

Mgeni Rasmi, Bibi yetu Hosiana, shikamoo, na kwa Kisukuma chetu, mwangaluka. Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa, viongozi wa vyama vyote viwili mlioketi mbalimbali kama mtu na mkwewe, wafanyabiashara wenzetu, habari za asubuhi.

KUKARIBISHA

Bibi, karibu sana. Wapo watakaouliza kwa nini choo cha soko kifunguliwe na mkunga mstaafu badala ya mkubwa mwenye gari la bendera. Jibu ni fupi. Diwani alileta majina matano, Mwenyekiti akayakataa yote. Mwenyekiti akaleta manne, Diwani akasema hao ni makada watupu. Vikao vitatu vikaisha hivyo. Jina lako lilitajwa na muuza dagaa mmoja aliyechoka kusikiliza, na wote wawili wakanyamaza, kwa sababu wote wawili uliwazalisha mama zao, na mama zao wangali hai kusimulia walivyolia. Basi ndivyo ulivyopita bila kupingwa.

HISTORIA YA SOKO NA CHOO

Soko letu lilianza na meza nane za mabanzi, yale mabao ya pembeni yenye magome ambayo wapasuaji huyatupa. Leo meza ni mia moja na kumi. Tunawauzia wachimbaji wanaoshuka kutoka machimboni, madereva wa malori ya pamba na mchele, na majirani zetu wa mtaani. Kila meza hulipa ushuru wa shilingi mia tano kwa siku. Mia tano hizo ndizo zilizojenga choo kile unachokiona nyuma yako, matundu sita na bomba la maji. Fundi alimaliza mwezi wa pili mwaka jana. Rangi haijakauka, siasa ikaingia.

Majina ya vyama hatuyataji, kwa heshima. Sokoni tunaviita kwa mahali bendera zao zilipo. Kuna Chama cha Barabarani, ndicho cha Mheshimiwa Diwani, na kuna Chama cha Bwawani, ndicho cha Ndugu Mwenyekiti. Siku ya kuzindua choo, Diwani alikuja na jiwe lenye jina lake. Mwenyekiti naye akaja na la kwake. Ukuta ni mmoja. Wakavutana mpaka saa nane mchana, kisha kila upande ukatia kufuli yake mlangoni, ukaondoka na ufunguo wake. Mgeni Rasmi, choo kimekaa na kufuli mbili kwa miezi kumi na minne.

Tungependa kuishia hapo tuwalaumu wakubwa. Hatuwezi, kwa sababu na sisi tulikuwemo. Wa Barabarani tuliimba, wa Bwawani tukaimba kwa kuwazidi. Mwenzetu Mwahija, yaani Mama Amira, muuza chai na chapati, mzaliwa wa Ujiji aliyeolewa Nyahanga, ni wa Bwawani kindakindaki. Yeye ndiye aliyesimama mlangoni akatanua mikono, akasema hapafunguki mpaka jiwe la Mwenyekiti liwe juu. Scolastika, jirani yake wa meza, muuza dagaa, ni wa Barabarani. Alimsukuma bega. Tangu siku hiyo hawakusalimiana, na meza zao zinagusana.

MAFANIKIO

Tumefanikiwa kulipa ushuru bila kukosa siku. Tumenunua turubai la misiba na masufuria manne makubwa. Mengine tutakuja kuyasoma tukiyapata.

CHANGAMOTO

Mgeni Rasmi, ushuru wenyewe unatuchoma. Mwenye ghala la magunia elfu moja anapewa risiti ya mia tano, na mwenye beseni la nyanya anapewa risiti ya mia tano. Barabarani wanasema wenye mabeseni wasilipe kabisa. Bwawani wanasema walipe, ila wenye maghala walipe zaidi. Ukituuliza sisi, tungeweza kuishi na lolote kati ya hayo mawili. Lakini likiletwa na huyu, yule anatoka kikaoni, na likiletwa na yule, huyu anatoka. Kwa hiyo halijapita hata moja, na mwenye ghala anawasha sigara yake kwa raha.

Siku moja redio ilitangaza kwamba hata Marekani vyama vyao viwili vimevutana juu ya kodi na matumizi mpaka ofisi za serikali zikafungwa. Mama mmoja wa vitunguu akauliza, "Na hao nao wametia kufuli mbili?" Tulicheka sana, ila kicheko hicho hakikumpeleka mtu haja.

Sasa tunamweleza Mama Amira. Yupo hapa, ametupa ruhusa, na ametuwekea masharti ambayo mtayasikia.

Mama Amira ana sukari. Mwenye sukari haja ndogo haimpigii hodi. Kwa kuwa choo kilifungwa, alikuwa akivuka barabara kwenda gesti, ambako alitozwa mia tatu kila alipoingia. Kwa siku alikwenda mara nne au tano. Hesabu hiyo mnaiweza wenyewe, na ushuru alidaiwa palepale.

Jumanne moja ya mwezi wa kumi na moja mvua ilikuwa inanyesha. Wateja watano wamekaa kwenye benchi lake wakinywa chai. Alihisi, akafunika sufuria, akainuka. Mkusanya ushuru akamkuta anatoka.

"Mama Amira, ya leo bado."

"Nikirudi, baba."

"Nafunga hesabu, mama. Dakika moja tu."

Hakutaka maneno. Alifungua fundo la kanga, akampa mia tano yake, akasimama kusubiri. Kile kimashine cha risiti kikawa kinatafuta mtandao. Barabarani malori yalikuwa yamepanga foleni, hakuna pa kupenya. Mama Amira alibana, akahesabu malori, akamwomba Mungu wake. Kisha mwili ukamshinda, palepale kati ya meza, wateja wameshika vikombe.

Alitazama chini, akaona maji ya mvua yanapita miguuni, akatamani wadhani ni mvua. Hakuna aliyedhani. Ametuambia kwamba kilichomuuma kwanza hakikuwa macho ya watu. Ni kwamba swala ya adhuhuri ilikuwa inaingia, naye amesimama sokoni hana twahara, mwanamke ambaye usafi wake tunautolea mfano kwa mabinti zetu.

Aliyeinuka ni Scolastika. Alivua kanga yake ya juu, ile ya chama chake yenye bendera mgongoni, akamzungushia kiunoni, akasema tu, "Twende, dada." Walitembea pamoja mpaka kwake Nyahanga, Mama Amira wa Bwawani amevaa Barabarani. Waliomwona njiani walisema kanunuliwa.

Wiki tano zikapita hajaja sokoni. Kanga ilirudi siku ya tatu, imefuliwa, imepigwa pasi, mwenyewe hakuonekana. Meza yake tuliilinda kwa zamu asipewe mtu mwingine. Mwishowe tukaenda kwake, Barabarani na Bwawani pamoja, tukamkuta amekaa ukumbini anachambua mchele ambao ulikuwa safi tayari.

Tukaanza kumpa pole. Akatukatisha.

"Pole ya nini mnanipa? Mlango ule nilisimama mimi. Nilitanua mikono hivi, mkanipigia vigelegele. Hakuna aliyenituma."

Tuliopiga vigelegele tulikuwa tumekaa hapohapo kwenye mkeka wake.

"Sokoni nitarudi choo kikifunguliwa," akasema. "Nendeni mkaandike risala. Jina langu liandikeni, msiseme mama mmoja, mama mmoja, kama vile nimekufa. Mlangoni nilisimama, liandikeni na hilo. Msiniandikie huruma. Ila andikeni kwamba ushuru nililipa kila siku, hata siku ile."

"Hata siku ile?" Scolastika akauliza, kana kwamba hakuwepo.

"Hata siku ile. Risiti ilitoka. Nilikuwa nimeshalowa, yule baba akanipa, nikapokea."

Akaingia ndani, akatuletea. Tumeibandika hapa kwenye ukurasa wa tatu wa risala, Mgeni Rasmi, utaiona ukikabidhiwa. Mheshimiwa Diwani na Ndugu Mwenyekiti, tunawaomba na nyinyi mkaisome. Tunalisema hili bila hasira, au niseme kwa hasira ndogo.

MAOMBI

La kwanza, choo kifunguliwe, na kisifungwe tena kwa sababu ya jina la mtu.

La pili, yale mawe mawili yaliyoegeshwa nyuma ya bucha kila mwenyewe aondoke na lake. Ukuta wetu ubaki na rangi tu, tumeilipia.

La tatu, ghala na beseni la nyanya visilingane kwenye risiti. Nani atapata sifa ya kulirekebisha, hatujali. Mkitaka tutawapigia vigelegele wote wawili, kwa sauti moja na muda uleule, tuwapimie hata kwa saa.

Bibi, hawa wote wawili wamepita mikononi mwako. Sisi tukiwaambia neno tunaitwa wapinzani au wasaliti, kutegemea siku. Wewe hawawezi kukuita hivyo. Tunaomba kabla hujaondoka uwaite pembeni, uongee nao kama bibi yao. Hatutauliza umewaambia nini.

Hapa kwenye karatasi yalikuwepo maombi mengine manne, ya taa, ya mfereji, ya jalala na ya mlinzi. Leo asubuhi tumeyakata kwa kalamu, na sababu yake ni hii. Mama Amira amerudi. Amewasha jiko lake saa kumi na mbili. Kabla ya Jumanne ile, kwa miezi tisa mwanamke huyu aliuza chai humu sokoni bila kuthubutu kuinywa, akishinda koo kavu na ugonjwa wake ule, kwa kuogopa barabara na malori. Leo amejimiminia kikombe, akanywa mbele yetu. Akajimiminia cha pili, akanywa. Tulipomtazama akasema, "Si mmesema leo kinafunguliwa? Nimewaamini."

Hiyo ilikuwa saa moja na nusu. Sasa ni saa nne kasoro, Mgeni Rasmi, umechelewa kidogo kwa sababu ya barabara, na hatukulaumu.

Bibi, funguo zote mbili ziko kwenye sahani mbele yako, kila upande umeleta wake. Hotuba yako tutaisikiliza baadaye, hata ikiwa ndefu. Mama Amira yuko mstari wa kwanza, ameshasimama. Tunaomba umfungulie.

Mungu akuongezee siku, Bibi, na miguu ya kuzitembelea, na aliponye soko hili na vichwa vyake vigumu, vikiwemo vyetu. Asante, wabeja sana.

Ni sisi,
Kikundi cha Akina Mama wa Soko la Mabanzi,
wa Barabarani na wa Bwawani.