Mzee Mshale: Maisha ya Mweka Alama za Njia za Mlimani

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofika kutusindikiza, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Wasifu huu umeandikwa na binti wa pili wa marehemu, ambaye pia ndiye anayeusoma. Marehemu mwenyewe aliusikiliza mara mbili akiwa kitandani. Mara ya kwanza alisema, "Umenipamba mno. Rudia." Huu ndio uliorudiwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1951, mtoto wa nne kati ya saba, katika nyumba ya mwisho kabisa chini ya mlima, pale barabara ya magari ilipokoma na njia ya miguu ikaanza. Baba yake alikuwa fundi viatu. Wateja wake wakubwa walikuwa wabeba chumvi, wanaume na wanawake waliovuka mlima na mizigo kichwani kwenda soko la upande wa pili. Walipokuwa wakingoja soli zao zishonwe, walizungumza habari za njia: wapi pana maji, jiwe lipi la kutua mzigo, wapi ukungu hushuka bila kubisha hodi. Mtoto alikaa chini ya meza ya baba yake akisikiliza. Alipofika umri wa miaka minane aliweza kuitaja njia nzima, jiwe kwa jiwe, na hakuwahi kuikanyaga.

Alianza shule ya msingi Januari 1959 na kumaliza sekondari Novemba 1969. Ripoti zake zipo nyumbani. Jiografia alikuwa wa kwanza, hesabu alikuwa wa katikati, na uimbaji mwalimu aliandika tu, "Anajitahidi."

Machi 1971 aliajiriwa kuwa msaidizi wa wapima ardhi, kazi yake ikiwa ni kushika mnyororo wa kupimia. Mwaka 1978 idara ilipofungua kitengo cha njia za watembeaji mlimani, alihamishiwa huko, na hakutoka tena mpaka alipostaafu. Yeye ndiye aliyeshauri idara isichonge njia mpya, bali ifufue zile za wabeba chumvi ambazo zilikuwa zimemezwa na vichaka. Aliwafuata wazee waliokuwa bado hai, akawapandisha mlimani polepole, wengine akiwashika mkono, na kila walichokitaja akakiandika. Njia tatu zinazotembelewa leo na wageni kutoka kila upande zilipatikana hivyo. Kwenye kila mti na kila jiwe la njiapanda aliweka mshale wa njano, na jina likamkaa. Hata sisi wanawe tuliitwa watoto wa Mshale.

Waliokuwa wakijifunza kazi kwake aliwaambia jambo moja kabla ya mengine yote: geuka nyuma kila mara. Njia ya kurudi ina sura nyingine, na wengi hupotea kwa sababu waliiona ya kwenda tu.

Tarehe 3 Septemba 1977 alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani. Siku aliyokwenda kujitambulisha ukweni alipotea. Mtaa ule ulikuwa wa nyumba za safu, zote zina mlango wa bluu na ngazi tatu, naye akazunguka saa mbili akiwa na koti la kuazima. Akaingia nyumba isiyo yake, akakaribishwa, akanywa chai, akaanza kueleza nia yake, ndipo mwenye nyumba akamwambia kwa upole kuwa yeye hana binti. Alipofika hatimaye, shangazi wa bibi harusi alimtazama toka kichwani hadi viatuni akasema, "Huyu ndiye anayeonyesha watu njia?" Shangazi yule aliendelea kumwita Mpotevu hadi siku aliyofariki. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Tungependa wasifu uishie kwenye mambo kama hayo. Marehemu alikataa, na mjane wake naye amekataa. Kwa hiyo tunaendelea, ingawa aibu yenyewe ni ya nyumba nzima.

Juni 1999 marehemu alikuwa akipaka upya alama za njia ya pili pamoja na mpaka rangi wa kitengo, mwenzake kazini kwa miaka kumi na mmoja, ambaye wote tulimwita Kopo kwa sababu hakuonekana bila kopo la rangi. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne. Walipofika njiapanda ya tatu, Kopo alisimama.

"Kaka, tushuke kwanza tukaitazame hii ya kushoto," alisema. "Mvua hizi si za kuamini."

Marehemu alikuwa amelowa, goti lilikuwa linamuuma, na tangu asubuhi alikuwa na haraka ya kurudi.

"Njia hii nimeipita kabla wewe hujajua kushika brashi," akamjibu. "Paka."

Kopo akapaka. Mshale ukaelekea kushoto. Hawakujua kuwa hatua mia tatu mbele udongo ulikuwa umeporomoka na kuondoka na njia, ukaacha ukingo uliofunikwa na majani.

Tarehe 11 Julai mwalimu mmoja wa hesabu, mwanamke wa miaka thelathini na minne, alitangulia mbele ya wenzake wawili katika ukungu. Aliufuata mshale kama alivyoagizwa kwenye kibao cha kuingilia. Ukingo ukakatika. Walimpata siku ya pili, nyonga imevunjika, sauti imekauka kwa kuita. Hadi leo anatembea kwa fimbo.

Uchunguzi ulifanyika katika chumba cha mkuu wa idara, chenye meza ndefu na feni iliyokuwa ikigonga. Kopo aliambiwa angoje kwenye benchi la koridoni, na mlango haukufungwa vizuri.

"Nani alipaka mshale huu?" mkuu aliuliza.

"Kopo," alisema marehemu.

Ilikuwa kweli, na miaka yake ya mwisho alikuwa akisema kwamba hapo ndipo alipojidharau kwa mara ya kwanza, kwa kuitumia kweli namna ile. Kisha mkuu akauliza, "Na wewe ulikagua?"

"Siku hiyo sikuwepo."

Kopo alipoitwa alieleza yote kama yalivyokuwa. Hakuna aliyemwamini. Mmoja alikuwa na miaka ishirini na minane ya utumishi na picha yake ukutani. Mwingine alikuwa mpaka rangi. Jioni hiyohiyo Kopo alirudisha funguo za stoo. Walipopishana koridoni, marehemu alitazama sakafu.

Nyumbani alimweleza mkewe ukweli kabla hata ya kuvua viatu. Mama ametaka maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, tena alinisimamia nikiyaandika: "Baba Watoto, tuna watatu shuleni. Nyamaza, yatapita." Sisi watoto hatukujua lolote, lakini tulikula, tukavaa na tukasoma ndani ya kimya hicho.

Hayakupita. Kopo alijiajiri kuandika mabango ya maduka, na kwa kuwa mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wa yeyote, haukupita muda mji mzima ukawa umeandikwa na yeye. Duka la dawa, kinyozi, mlango wa daktari wa meno, ukuta wa mashine ya kusaga. Marehemu hakuweza kwenda kununua sabuni bila kuusoma mwandiko ule. Tulidhani amekuwa mtu wa kupenda upweke. Akimwona Kopo upande huu wa barabara, anavuka kwenda upande ule. Idara ilipomteua mfanyakazi bora mwaka 2004, alisema anaumwa na tumbo, na kwa kweli alikuwa anaumwa.

Tarehe 29 Aprili 2011 walimuaga kazini. Ukumbi ulikuwa umepambwa, viti vya plastiki vimefunikwa vitambaa vyeupe, soda zimepangwa. Mkuu mpya wa idara alifunua kibao kikubwa cha mbao: kuanzia siku hiyo njia ya pili ingeitwa kwa jina la marehemu. Watu wakapiga makofi. Akapewa kipaza sauti.

Alikigeukia kibao, akakisoma hadi mwisho. Kisha akasema, "Kibao hiki kishusheni. Mshale wa mwaka tisini na tisa niliuamuru mimi. Nilikuwepo. Kopo aliniambia tukatazame, nikakataa, na hapa kwenu nikamsukumia lawama."

Mkuu aliinuka nusu, tabasamu bado liko usoni. "Mzee wetu, leo ni siku ya furaha. Hayo tutayazungumza ofisini."

"Ofisini ndiko nilikodanganya," marehemu akasema.

Hakuna aliyemshika mkono alipokuwa akitoka. Wenzake wa miaka mingi walijifanya wanafungua soda. Kaka yetu mkubwa alimfokea mbele ya watu: "Ungekufa nayo tu, Baba! Sasa tutaishije mji huu?" Nami, ninayesoma hapa, nilirudi nyumbani kwa njia nyingine ili nisionekane natembea naye. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, si mtoto.

Kesho yake alimfuata Kopo. Alimkuta juu ya ngazi, akiandika bango la duka la vioo.

"Subiri nimalize herufi," Kopo alisema bila kugeuka. Zilikuwa zimebaki herufi tisa. Marehemu alisimama juani mpaka ya mwisho ikakauka.

Alipoomba msamaha, Kopo alishuka akafuta mikono yake kidole kimoja kimoja. "Miaka kumi na miwili," alisema. "Wanangu walikuwa wanaulizwa darasani kama baba yao ndiye aliyemvunja mwalimu. Unajua mtoto anajibu nini akiulizwa hivyo?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui. Hawakuniambia." Akavuta stuli. "Sitaki machozi yako. Andika."

Marehemu aliandika ukurasa mzima papo hapo, akautia sahihi. Kopo alisoma mara mbili, kisha akaweka kidole chenye rangi kwenye mstari mmoja. "Hapa umeandika 'kosa letu'. Futa 'letu'."

Akafuta, akaandika "langu". Karatasi hiyo ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa idara mwezi mzima, kwa sharti la Kopo, na marehemu alikwenda kila Jumatatu kuhakikisha haijaondolewa. Mwaka 2012 idara ilimpa Kopo barua ya kumsafisha.

Kwa mwalimu wa hesabu alikwenda pia. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Kuanguka nilishazoea. Lakini umenifanya nimchukie mtu asiye na hatia kwa miaka kumi na miwili, na huyo sijui nitamrudishia vipi." Marehemu alisema hukumu hiyo ilikuwa nzito kuliko yoyote aliyoitarajia, na kwamba ilikuwa ya haki.

Miaka iliyobaki alikaa nyumbani akinakili historia ya njia za chumvi katika madaftari manne makubwa. Mwisho wa kila njia aliorodhesha wazee waliomwonyesha. Jina lake mwenyewe hakuliweka.

Agosti 2019 aligunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume. Alitibiwa kwa mionzi, akapata nafuu ya mwaka mmoja na nusu, kisha ugonjwa ukaingia kwenye mifupa. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyekuwa akimnyoa ndevu akimtania kuwa anapendeza.

Januari 2022 Kopo alifika wodini, mara moja tu. Alikaa nusu saa. Walizungumza juu ya rangi za siku hizi ambazo haziwezi mvua mbili. Alipoinuka alisema, "Yote sijakusamehe, Mshale. Lakini maumivu haya sikutakii." Marehemu akamjibu, "Ahsante. Hiyo nimeisikia vizuri." Usiku huo, muuguzi alituambia, alilala bila sindano.

Alifariki dunia tarehe 3 Februari 2022, saa nne asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada wawili na mdogo wake wa kiume. Kaka yetu mkubwa ameniomba niseme hadharani kwamba maneno yake ya siku ile ukumbini anayarudisha, na kwamba alichelewa kumwambia mwenyewe. Mimi pia nilichelewa.

Kopo yuko nasi, kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango. Tumemwomba mara mbili aje akae na familia. Amesema hapo alipo panamtosha. Hatutamsumbua tena, ila kama familia tunasimama sasa, wote, mbele yenu, kumwomba radhi kwa mkate tuliokula badala ya wanawe.

Baba, pumzika. Mungu akupe amani ambayo hukujipa.