Protus Sichangi, Aliyengoja Mwanawe Aitwe

Ndugu na marafiki mliofika hapa Al-Baghdadiyah, Jeddah, mliomwomba madam ruhusa na mliomtoroka bosi kidogo, na wewe Jeremy unayetusikia kwa simu kutoka Amerika, mimi ni Rispah, dadake marehemu anayemfuata, na familia imenipa jukumu la kusoma maisha yake leo Ijumaa, kabla mwili haujasafirishwa nyumbani kesho, tarehe 12 Aprili 2025.

Marehemu Protus Sichangi alizaliwa tarehe 14 Agosti 1978 huko Kimilili, Kaunti ya Bungoma, akiwa kifungua mimba wa Mzee Absalom Sichangi na Mama Rosebellah, akasoma shule ya msingi pale kijijini kuanzia mwaka wa 1985 hadi 1992, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1996, na alama alizopata tuziache zilale, hata yeye mwenyewe alikuwa akizicheka.

Mwaka wa 1998 makurutu wa polisi waliandikwa katika uwanja wa Bungoma, na Protus, aliyekuwa na miguu ya kukimbia na meno yote mdomoni, kama polisi wanavyotaka, hakuwepo, kwa sababu siku hiyo tulikuwa tunamzika nyanya yetu, na alipofika kesho yake alikuta ng'ombe wanakula nyasi ya uwanja. Uchungu ule hakuuacha, hata baada ya kujifunza udereva na kubeba miwa kwa trekta miaka mingi.

Tarehe 8 Desemba 2001 alifunga ndoa kanisani na Lois, mwanamke mvumilivu kuliko sisi wote, na Mungu akawajalia watoto watatu, Jeremy aliyezaliwa Mei 2003, Ashley aliyezaliwa 2007, na Allan aliyezaliwa 2010.

Tarehe 3 Machi 2012 aliingia Riyadh kama dereva wa mkahawa mmoja wa Al-Sulimaniyah, na mwaka wa 2015 ikama yake, kibali cha kuishi, ikahamishiwa kwa kafili mwingine, yaani mdhamini, hapa Jeddah, katika nyumba moja ya Al-Hamra, ambako kazi yake ilikuwa kumwendesha kijana wa bosi aliyekuwa amesomea Amerika, na kijana huyo ndiye aliyemwambukiza mapenzi ya mpira wa Waamerika, ule wa kuvaa kofia ngumu na kugongana kama mafahali.

Kwa wale wasioujua, vijana huucheza mpira huo vyuoni, na kila mwisho wa Aprili timu za kulipwa huchagua kutoka vyuo hivyo, jina moja baada ya jingine, anayeitwa mapema akihesabiwa bora, na kuna vyuo ambavyo mwaka nenda mwaka rudi hutoa wale wa kuitwa mwanzo. Protus alivifuata vyuo hivyo jinsi sisi Wakenya tunavyofuata matokeo ya kidato cha nne, shule gani imetoa nambari wani, mwalimu mkuu yupi amebebwa juu juu akiimbiwa, na wenzake wa nyumba hii mnajua alivyobishana na Timothy, mwenzake wa chumba, hadi chai ikapoa, kila mmoja akitetea chuo chake, utadhani walisomea huko na kufukuzwa kwa sababu ya karo.

Kwa hivyo Jeremy, aliyekuwa akicheza raga shuleni, alipoitwa na vyuo viwili mwaka wa 2021, kimoja kidogo kilichoahidi kumchezesha mara moja, na kingine kikubwa chenye sifa ya kutoa wale wa kwanza, babake hakufikiria mara mbili, alisema, "Ukitaka mtoto apite, mpeleke shule inayopitisha." Huko kijana alikalishwa benchi misimu miwili, Lois akalalamika, mimi pia nikalalamika, Protus akatujibu kwamba mvumilivu hula mbivu, na kwa hilo alikuwa na haki, maana msimu wa tatu mtoto alianza kucheza, na wa nne jina lake likaanza kutajwa miongoni mwa wanaotarajiwa kuitwa.

Novemba 2024 figo za marehemu zilikataa kazi, akawa anasafishwa damu hospitalini mara tatu kwa wiki, na ndipo alipotutwika mzigo ambao bado unaniuma mabega. Aliniambia, "Rispah, kijana asijue. Akijua atakuja, na akija, halas, imekwisha, siku ya majina asipoonekana uwanjani nafasi inapewa mtu mwingine. Mimi nilienda kuzika, niliporudi uwanjani mafi mtu, hakuna hata mmoja." Nikamwuliza kama ana hakika, akasema kuandikwa ni kuandikwa, iwe Bungoma, iwe Amerika.

Basi kila Jumapili Timothy alimshika mkono akamteremsha hadi kwenye gari lililoegeshwa hapo chini, akamkalisha mbele ya usukani na kofia yake ya kazi, naye akampigia mwanawe simu ya video, akimwambia yuko mbioni kumchukua bosi uwanja wa ndege, yalla, tutaongea, kisha akarudishwa kitandani akihema. Alituacha Jumatano, tarehe 2 Aprili 2025, saa saba mchana, zikiwa zimebaki wiki tatu tu kabla ya siku ya majina.

Nilipompigia Jeremy aliuliza kwa nini hakuambiwa, nikamweleza habari ya uwanja na nafasi kupewa mwingine, naye akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake, akasema, "Anti, hakuna uwanja. Wanapiga simu. Mtu anangojea popote alipo, wengi huwa kwao na wazazi. Ningekaa kando ya kitanda cha Baba, tungoje pamoja."

Nasema mbele yenu kwamba nimemkasirikia kaka yangu, mtu aliyeuliza kila swali kuhusu vyuo isipokuwa hilo moja, nikilala nimemkasirikia, nikiamka namlilia, na najua wazi kwamba alilofanya alilifanya kwa upendo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa figo waliomhudumia kama ndugu yao, bosi na madam wa Al-Hamra walioharakisha karatasi za mwili, madereva wenzake, majirani wa ngazi hii, Winfred aliyempikia uji, na Timothy, ambaye hatuna cha kumlipa.

Mazishi ni Jumatano tarehe 16 Aprili, Kimilili, ambapo Jeremy, kama mwana wa kwanza, atamwaga udongo wa kwanza, na harudi Amerika baada ya hapo, ameamua kuingojea siku ya majina nyumbani kwa babake.

Kaka, aitwe asiitwe, mwanao atakuwa kando yako, pale ulipomzuia asifike. Pumzika kwa amani, ungoje naye.