Fundi wa Vitabu vya Kupapasa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Marehemu wetu wa leo ni mke wangu. Mkuu wa kituo chetu cha redio alitaka mwenzangu asome, eti mimi nitachemka. Nimekataa. Wakubwa walishamchosha vya kutosha akiwa hai.

Alikuwa fundi cherehani. Narudia: fundi cherehani. Kwa miaka sita, kila Jumamosi, alijitolea kushona vitabu vya nguo kwa watoto wasioona. Maneno aliyapiga kwa nukta nundu jirani yetu, mwalimu ambaye naye haoni. Picha alishona mke wangu, mtoto azisome kwa vidole.

Vitambaa alitoa wapi? Kabatini kwangu, wapendwa. Koti langu la harusi liligeuka mbuzi. Nilipolalamika akanijibu, "Wewe lilikuwa linakubana, mume wangu. Mbuzi limemkaa."

Mwalimu ndiye aliyekagua, na vidole vyake havikuwa na huruma.

"Shemeji, mbuzi wako ana miguu mitano."

"Huo mkia."

"Basi mwambie aunyanyue."

Akafumua, akashona upya.

Vikafika vitabu kumi na viwili. Mkurugenzi wa maktaba akavipokea kwa hotuba na picha. Kisha akavifungia kwenye kabati la kioo, akabandika karatasi: TAFADHALI USIGUSE. Vitabu vya kugusa hivyo! Mimi niliishia darasa la nne, lakini hilo sikuhitaji kufundishwa. Watoto wakaletwa, wakapapasa kioo.

Mke wangu alifuata ufunguo mara saba. Mara saba mkurugenzi yuko kikaoni. Mara ya nane moyo wake ulishachoka, hawezi kutembea. Akaniambia, "Nikifa watoto hawajavishika, usikae kunililia. Nenda kagombe."

Siku ya mazishi mkurugenzi alikuja na miwani myeusi. Akasema marehemu alikuwa hazina. Kabla sijafungua mdomo, mwalimu akanyanyuka na fimbo yake, akaifuata ile sauti, akanyoosha kiganja.

"Mheshimiwa, ufunguo."

"Mwalimu, tuko msibani."

"Ndiyo maana nimeomba leo. Leo huna kikao."

Watu wakaangua kicheko. Na mimi mfiwa nikacheka, Mungu anisamehe. Ufunguo alikuwa nao mfukoni. Siku zote hizo, mfukoni.

Jumamosi iliyofuata kabati likafunguliwa. Haikupita wiki ya pili, binti yetu akarudi na kitabu kwapani, kanuna.

"Baba, wamempapasa simba mpaka ana kipara."

Tangu tuzike, sikuwa nimesikia habari njema kama hiyo.

Pole sana, ndugu yangu mwalimu. Pole binti yangu, ambaye saa hii yuko kwenye cherehani anamrudishia simba manyoya kwa uzi mnene zaidi, maana Jumamosi watoto wanarudi. Pole na mimi, nimejipa, nimeipokea. Na wewe uliyekabidhiwa ufunguo wa vitu vya watu, kabla hujaenda kutoa hotuba kwenye msiba wa mtu, jipapase mifukoni.